Peasi la Mtoto wa Kiooni

Mvumilivu hali mbivu. Waliotufundisha kinyume chake hawakuwahi kuketi mbele ya mchezo wa Peasi, ambamo mbivu ni ya mwenye kidole chepesi, na mvumilivu huandikiwa hati ya uangalizi.

Nilikuwa mpimaji wa kituo cha Lwangilo, huko nyanda za juu, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila hodi na kuketi. Kituo chenyewe ni kibanda cha bati. Nje kuna viti sita vya foleni. Ndani meza moja, viti viwili, na kioo kipana kama sinia la pilau. Kila aliyetimiza miaka sitini na mitano alikuja kwangu mara moja kwa mwezi, akacheza michezo minne ya kitoto, akaondoka na rangi. Kijani: nenda kaishi. Njano: tunakutazama. Nyekundu tatu mfululizo: funguo za nyumba yako, simu yako na saini yako vinakabidhiwa Idara iliyoniajiri, nawe unahamia Makao, kule bondeni, ambako milango hufungwa kwa nje.

"Mizani imefunguka!" alitangaza Mzee Mhavile asubuhi ile niliposukuma mlango. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni kama kawaida yake, koti la suti juu ya sweta mbili. "Sogeeni mpimwe, jamani. Asiye na akili aazime kwa jirani."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mizani. Umeolewa?"

"Bado."

"Hutaolewa. Mwanamume gani atalala na mtu anayemhesabia alichosahau?"

Foleni nzima ilicheka. Nami nikatabasamu kidogo, kiasi kinachoruhusiwa.

Jina langu ni Nuswe, lakini Lwangilo nzima iliniita Mizani. Kanuni ilisema mpimaji asile, asinywe wala asiketi katika nyumba ya anayempima. Katika mji ambao kila nyumba ina mzee, kanuni hiyo ilimaanisha nyumba zote. Miaka miwili nilikuwa nimekula nikiutazama ukuta. Dukani mazungumzo yalikatika nikiingia, yakaungwa nikitoka. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi daima, hata siku ya Pasaka.

Hata hivyo niliipenda kazi, na sitajifanya leo kwamba sikuipenda. Kabla ya michezo, mtoto aliyetaka shamba la babake alikwenda mahakamani na mashahidi wawili wa kununua, akaapa kwamba mzee amerukwa na akili, na mzee akatolewa nje ya shamba lake akiwa na akili zake timamu. Kioo hakinunuliki. Kioo hakina shemeji. Niliamini hivyo kama wengine wanavyoamini maji ya baraka.

Wa tano kuingia siku hiyo alikuwa Bibi Edina Mwalongo, miaka sabini na minane, fundi wa kufuma. Nusu ya sweta za Lwangilo zilitoka mikononi mwake, pamoja na zile mbili za Mzee Mhavile. Aliingia akifuma, akaketi akifuma, akamaliza mstari, akaweka sindano na uzi mapajani.

"Karibu, bibi. Gusa peasi mara tu linapoiva. Hayo ndiyo maelezo yote."

"Najua, mwanangu. Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo. Hata kukohoa ulikohoa hapo hapo."

Kioo kikawaka. Mchezo wa Peasi ni mti mmoja wenye mapeasi ya kijani. Ghafla moja linageuka jekundu, nawe unaligusa. Mapeasi ishirini, basi. Kioo kinapima muda kati ya kuiva na kuguswa kwa sehemu za elfu za sekunde, na mtu mwenye afya wa umri wa bibi huhitaji mia nne, mia tano, hata mia sita. Chini ya mti, kushoto, amesimama mtoto wa kike wa kuchorwa mwenye gauni la njano. Ukichelewa kupita sehemu elfu moja, yaani sekunde nzima, yeye ananyoosha mkono, analichuma, anakula, anapiga makofi. Ukiwahi wewe, anainamisha kichwa. Hakuwepo zamani. Waliomwongeza walisema wazee wamelalamika kwamba mchezo una upweke.

"Huyu mtoto," Bibi Edina alisema macho yakiwa kiooni, "mbona mmemvisha gauni lisilo na mikono? Huko mnakomchorea hakuna baridi?"

Sikuruhusiwa kujibu. "Gusa peasi mara tu linapoiva," nikarudia.

"Nimesikia. Masikio bado ninayo."

Alicheza Peasi, kisha Jozi, ambao ni kukumbuka karata zilizolala kifudifudi, kisha Njia, ambao ni kuunganisha namba na herufi kwa zamu, kisha Vikombe, ambao ni kufuata punje iliyofichwa. Katika mitatu hiyo ya mwisho hakukosea mahali. Lakini Idara iliamini kwamba wepesi ndio mzizi wa akili, na mzizi ukioza matawi hayahesabiwi. Peasi ikiwa nyekundu, yote ni nyekundu.

Ikawa nyekundu. Ya pili mfululizo.

Bibi aliitazama rangi ile bila kupepesa. "Na mwezi ujao ikiwa hivi?"

"Sheria inasema, bibi, kwamba..."

"Sikuiuliza sheria. Nimekuuliza wewe."

"Nitakuja kuchukua funguo."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaokota sindano zake, akaingiza kidole kwenye uzi. "Basi uje asubuhi. Jioni kuku wangu hawapendi wageni."

*

Wiki iliyofuata ukungu ulikaa siku nne bila kuinuka. Hakuna aliyekuja. Nilikaa kibandani nimejifunga blanketi, nikisikiliza bati likidondosha maji, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuongea naye nilianza kusoma mikanda ya vidole.

Mkanda wa kidole ni kumbukumbu ghafi. Kioo kinahisi kidole kabla hakijagusa, tangu kikiwa hewani, na kinaandika kila kilipopita. Mpimaji haombwi kuusoma. Mpimaji anasoma rangi. Mikanda ni mirefu na inachosha, na mtu mwenye marafiki hawezi kuifikia. Mimi niliifungua kama vile mwingine angefungua barua za watu, ili nisikie tu kwamba kuna mtu.

Nikafungua wa Bibi Edina.

Peasi la kwanza: kidole kilianza safari baada ya sehemu mia tatu za sekunde, kikaruka moja kwa moja hadi kwenye tunda, kikasimama. Hewani. Unene wa punje ya mchele juu ya kioo. Kikangoja hadi mtoto alipochuma, ndipo kikarudi nyuma. Peasi la pili: mia tatu na kumi, safari ile ile, kugusa. La tatu: safari, kusimama, kungoja. La nne: kugusa.

Niliteremka na mkanda hadi la ishirini. Moja la mtoto, moja lake. Moja la mtoto, moja lake. Kumi kwa kumi, bila kukosea hata mara moja. Katika yale aliyojitwalia alikuwa mwepesi kuliko mimi. Kioo kilijumlisha ishirini zote, kikagawanya, kikasema mwanamke huyu anafifia. Wastani ni blanketi: humfunika aliyelala na aliyekufa, na wewe uliyesimama mlangoni huoni tofauti.

Nilijua kanuni. Mpimaji anayemweleza anayepimwa jinsi alama zinavyopatikana amechafua kipimo, na kuchafua kipimo ni jinai. Nilivaa koti, nikafunga kibanda, nikaenda.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma ya shamba la viazi. Kuku walinikimbia. Bibi alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, akifuma kitu cha kijivu.

"Kamwene, bibi." Hilo ndilo neno pekee la lugha ya kwao nililokuwa nalo.

"Kamwene. Umekuja kabla ya siku. Au Mizani imepungukiwa na vya kupima?"

"Nimekuja kuuliza kitu."

"Mtu haulizi kitu amesimama."

Niliketi. Akamimina ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe cha bati, akanywa yeye kwanza funda moja ili nione hakuna sumu, kama ilivyo desturi yao, kisha akanipa. Nilikuwa sijapokea kikombe kutoka mkononi mwa mtu kwa miaka miwili. Nilikishika kwa mikono yote miwili nikasahau kunywa.

"Kunywa. Hakiumi."

Nikanywa. "Bibi, kwa nini unamwachia mapeasi yule mtoto?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hufunga mlango wa choo. "Amesimama chini ya mti. Ametazama juu. Mimi nitakula vipi?"

"Ni picha, bibi."

"Najua ni picha. Unadhani nina wazimu? Bikira Maria pale ukutani ni picha pia, lakini siwezi kubadili nguo mbele yake bila kumgeuza." Akavuta uzi. "Mimi sikumpa mengi. La kwanza lake kwa kuwa ni mtoto, la pili langu kwa kuwa nami nina tumbo. Hivyo ndivyo tulivyogawiwa nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyogawa."

"Kioo kinadhani umechelewa."

Sindano zikasimama.

Nikamwambia yote. Sehemu za sekunde, wastani, nyekundu ya tatu. Kila neno lilikuwa mwezi mmoja wa kifungo, nami niliyatoa kama mtu anayetoa miiba mguuni. Nilipomaliza alisukuma ukuni ndani, moto ukapasuka katikati yetu.

"Kwa hiyo nikimpokonya, nina akili."

"Ndiyo."

"Nikimgawia, sina."

"Kwa kioo, ndiyo. Mara moja tu, bibi. Dakika tatu. Yote ishirini uyachukue wewe, kisha mwezi ujao..."

"Mwezi ujao nitampokonya tena. Na mwezi wa kufuata. Hadi nife, kila mwezi, nimpokonye mtoto ili niruhusiwe kuishi na kuku wangu." Alicheka bila furaha. "Mwanangu Nuswe." Ndiyo mara ya kwanza mtu wa Lwangilo kutamka jina langu. "Mkono wangu hauendi. Nimejaribu kuuamuru mwezi uliopita, kwa kuwa si mjinga, niliona mna jambo na yule mtoto. Ukafika, ukagoma. Miaka sabini na minane unaufundisha mkono adabu, halafu dakika tatu uusahaulishe?"

"Watakuchukua funguo."

"Utazichukua wewe. Tuongee kwa majina."

Akanyanyua kile cha kijivu, akakipima begani mwangu kwa macho, akafumua mistari minne.

"Una mabega mapana kuliko nilivyodhani," akasema. "Koti linadanganya."

*

Siku ya kipimo nilifika kituoni kabla ya foleni. Nilikata kipande cha boksi la majani ya chai, upana wa vidole vitatu, nikakibandika kwa plasta ya kidonda kwenye kona ya kushoto ya kioo, chini ya mti. Mtoto akatoweka. Mti ukabaki, mapeasi yakabaki. Sikubadili hesabu. Sikugusa alama. Nilimfunika mtoto mmoja asiyekuwapo.

Bibi Edina aliketi. Kioo kikawaka. Akakitazama, akanitazama.

"Mtoto yuko wapi?"

"Leo hayupo, bibi."

"Amekula?"

Nje nilimsikia Mzee Mhavile akimtania mtu. "Amekula," nikasema.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei ya juu kwa kuwa hana nguvu ya kubishana. Kisha akachuma mapeasi yote ishirini. Wastani, mia tatu tisini na mbili. Rangi ya kijani ilijaa kioo hadi ikamwangaza usoni, na hakutabasamu. Alikusanya uzi wake akatoka, na mlangoni akageuka.

"Mrudishe," alisema. "Asizoee kukaa njaa kwa ajili yangu."

Kile kipande cha boksi kilikaa kiooni siku nne. Katika kituo changu wazee kumi na wawili walikuwa na nyekundu au njano. Wote walicheza bila mtoto. Tisa wakawa kijani. Mikanda yao ya zamani niliisoma mmoja mmoja: mwingine alimwachia mtoto yote ya chini na kuchukua ya juu, mwingine alimpa matano ya kwanza kisha akala mengine. Kila mmoja aligawa kwa namna ya nyumba yake.

Watatu hawakupanda. Mmoja wao alikuwa Mzee Mhavile.

Aliketi mbele yangu na koti lake la suti, akasema, "Mizani, leo nikupime mimi," na peasi la kwanza likaiva. Kidole chake hakikuinuka. Likaiva la pili. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, anangoja nicheke. Nikaelewa kwamba mizaha ile ilikuwa ile ile kila mwezi. Kilo za akili, kuolewa, kuazima kwa jirani, kwa maneno yale yale. Watu walicheka kwa kuwa walizoea, naye aliishika kama mtu ashikavyo kamba ya kisima gizani. Ilikuwa nyekundu yake ya tatu, na saini ya hati yake ya uangalizi niliiandika mwenyewe. Kioo hakikumkosea yule. Nataka hilo lijulikane.

Jioni ya siku ya nne, jua likiwa bado lipo nyuma ya ukungu, nilifungua mkanda niliokuwa nauzunguka tangu mwanzo.

Babangu, Anyosisye, alikuwa fundi wa magari makubwa. Alipopimwa nilikuwa mwanafunzi wa Idara, na niliomba mwenyewe nimpime, ili asione haya mbele ya mgeni. Nilijivuna. Alifuta mikono kwa kitambaa kabla ya kugusa kioo, ingawa miaka mitatu ilikuwa imepita tangu aguse grisi. Baada ya nyekundu ya pili aliniambia, "Yule mtoto wenu ana njaa sana." Na mimi, kwa mwandiko mzuri, nikaandika kwenye faili: *Anachanganya picha na watu.* Baada ya ya tatu nilimbebea sanduku hadi Makao. Aliishi huko wiki kumi na moja. Hakuwa mgonjwa wa kitu chochote kilichopata jina.

Mkanda ulifunguka. Moja la mtoto, moja lake. Moja la mtoto, moja lake. Hadi la kumi na sita. Kisha manne ya mwisho kidole hakikuinuka kabisa.

Nimeyatazama manne yale mara nyingi kuliko nilivyowahi kuitazama sura yake. Labda alichoka. Labda aliona mimi ninavyoandika, akaacha. Labda ugonjwa ulikuwa umeanza kweli, na kioo kilisema ukweli kwa sababu ya uongo. Sitajua. Wala hakuna mtu duniani ninayeweza kumuuliza, kwa sababu wa kuulizwa ndiye niliyembebea sanduku.

*

Waliniita mjini mwezi uliofuata. Kioo kilikuwa kimenishtaki chenyewe. Kwa kuwa kinahisi kilicho juu yake, kilikiona kile kipande cha boksi kama kiganja cha mtu, kiganja kisichochoka wala kutetemeka kwa siku nne, na kikaandika kwa utiifu kwenye kila kipimo: *Mkono wa pili.*

Chumba kilikuwa na joto. Mezani walikuwa watu watatu, na aliyezungumza alikuwa mmoja, Dakta Ndyanabo, mkuu wa vipimo, mwanamume mpole mwenye miwani ya kamba. Mbele yake kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye kipande cha boksi la chai. Kando yake mfuko mwingine wenye sweta ya kijivu.

"Dada Nuswe," alisema, "sweta hii ni zawadi kutoka kwa mtu uliyempima?"

"Ndiyo."

"Ulijua hairuhusiwi?"

"Nilijua. Ilikuwa baridi."

Karani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Dakta hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha kwake.

"Mikanda nimeisoma," alisema. "Usiku na mchana nimeisoma. Uko sahihi. Yule mtoto nilimwongeza mimi. Nilikuwa na nia njema, nilitaka wasijisikie peke yao." Alivua miwani, akaifuta. "Tutamtoa. Toleo lijalo, baada ya miaka miwili, taratibu zikikamilika. Lakini mizani ambayo kila mpimaji anaibandika anachotaka si mizani tena. Leo wewe umebandika kwa huruma. Kesho mwenzako atabandika kwa kuwa mtoto wa mzee amempa mbuzi. Tutarudi kule tulikotoka. Wewe unakujua."

"Nakujua kule."

"Na katika hao tisa, mmoja akipotea msituni kwenye ukungu kwa sababu ulimpa kijani?"

"Nitamtafuta."

"Ukimkuta amekufa?"

"Nitasema ni mimi. Ninyi mmewahi kusema?"

Kipangaboi kilizunguka juu yetu. Dakta akasukuma karatasi moja mezani hadi mbele yangu, taratibu, kwa kidole kimoja.

Ilikuwa fupi. *Mimi, Nuswe, nakiri kwamba niliharibu vipimo tisa na naomba radhi kwa Idara.* Nikitia saini, nahamishiwa kituo kingine, cheo kile kile. Vipimo tisa vinafutwa, rangi za zamani zinarudi, na Jumatatu mpimaji mpya anapanda Lwangilo kuchukua funguo za Bibi Edina Mwalongo. Nisipotia saini, shauri linakwenda mahakamani. Huko mikanda yote itasomwa hadharani, ya kila kituo, tangu siku mtoto alipoongezwa, na hadi hukumu itoke hakuna mzee atakayenyang'anywa ufunguo. Mimi nitasomewa mashtaka ya jinai. Na faili ya Anyosisye, yenye mwandiko wangu mzuri, itasomwa kama nyingine.

"Fikiri juu ya babako," alisema Dakta Ndyanabo, na nadhani alimaanisha wema. "Utakaa kizimbani wasome uliyoyaandika. Watu watasema ulimfungia babako mzima. Hutakuwa na mtu upande wowote. Karatasi hii inakulinda."

Nilimfikiria. Nilimwona akifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kile chekundu, akiketi wima kwa sababu binti yake ndiye anayempima, na peasi linaiva, na mkono unakwenda, na mkono unasimama. Nilifikiri pia kuhusu jiko la Lwangilo, na kikombe ambacho kabla ya kunifikia kilikuwa kimepita kinywani mwa mtu mwingine kwanza, ili nisiogope. Miaka miwili mji mzima, kikombe kimoja.

Nilivuta ule mfuko wa pili wa nailoni, nikaitoa sweta, nikaivaa pale pale mbele yao, kwenye lile joto. Mabega yalinikaa sawasawa.

"Hicho ni kielelezo," alisema karani.

"Kiandike kimevaliwa."

"Dada Nuswe." Dakta Ndyanabo alikuwa amechoka sasa. "Ni neno moja tu, radhi. Ukilisema tunaondoka wote hapa, na jambo limekwisha."

"Ninalo hilo neno," nikamwambia. "Ninalo tangu jioni ile. Lina mwenyewe, naye amezikwa, na kila asubuhi nampelekea. Ninyi si yeye."

"Kwa hiyo kwenye kumbukumbu tuandike nini?"

Nikairudisha karatasi yao kwa kidole kimoja, ilivyokuja, bila alama.

"Andika kwamba niliufunika uso wa yule mtoto kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu zote, na mkinirudisha kituoni kesho nitaufunika tena. Siombi radhi."